Upepo wa Matairi ya Nyuma

Madereva wa Mwanza wa miaka ile walikuwa na namna moja tu ya kupima upepo wa tairi: walilipiga teke. Likirudisha mguu, safari. Likimeza mguu, pampu. Muhidin peke yake ndiye aliyechuchumaa. Alitoa geji yake ya shaba mfukoni, akaifuta kwenye suruali, akaisukuma mdomoni mwa valvu, akasoma, kisha akasoma tena kama mtu aliyepewa habari asiyoiamini. Kuna watu wa kuudhi duniani, na mtu anayepima tairi mara mbili wakati wewe umekwisha panda na mzigo wako ni mmoja wao. Abiria walimnung'unikia, madereva wenzake wakamwita Daktari wa Mipira, naye akaendelea kupima.

Alikaa Pasiansi na mkewe Mwaija, karibu na ziwa kiasi cha kusikia wavuvi wakipigizana kelele asubuhi. Baba yake alikuwa Mmanyema aliyeletwa na kazi ya reli, mama yake Msukuma, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mjini kabisa, wa kanzu siku ya Ijumaa na mafuta ya gari kwenye kucha siku nyingine zote. Gari aliloendesha lilikuwa pikapu ya Mzee Yunus, mfanyabiashara aliyenunua pamba ya wakulima na kuihifadhi katika ghala lake la Buswelu. Msimu wa pamba ulipopamba moto, pikapu ile haikupumzika.

Muhidin alikuwa na sheria zake, na alizifuata kama mtu anavyofuata saumu. Pikapu ikibeba magunia ya pamba hadi juu, matairi ya nyuma aliyajaza yakawa magumu. Ikienda tupu aliyapunguza, maana gari tupu lenye matairi magumu hurukaruka kwenye barabara ya changarawe, na mkia wake huenda unakotaka wenyewe. Na tairi hupimwa asubuhi, kabla gari halijatembea. Likishatembea lina moto, na tairi lenye moto hudanganya. Upepo umevimba ndani, geji inapanda, wewe unadhani umejaza kupita kiasi. Ukipunguza hapo umeharibu, kwa sababu ulichopunguza ni kile ambacho tairi lilikuwa linakihitaji. Hakuna aliyemfundisha hayo darasani. Alikuwa ameyaokota mwenyewe kando ya barabara, tairi moja baada ya jingine, tangu alipokuwa taniboi wa malori ya pamba.

Sasa, mtu wa namna hiyo unamwonea wivu. Unasema huyu hawezi kupatwa na jambo.

Mwezi wa tisa, mwaka wa uhuru, Mayala alifariki kwa kichomi. Alikuwa mpagazi wa bandarini, kijana wa Kisukuma kutoka Mwagimbu, kijiji cha mbele ya Misungwi. Ndugu zake walitaka alale kwao. Mzee Yunus alikuwa akinunua pamba ya ukoo ule kila mwaka, kwa hiyo akatoa pikapu kwa ajili ya msiba, na dereva wake pamoja nayo.

Asubuhi Muhidin alijaza matairi kwa hesabu ya sanduku na watu wachache: Mbuke, mama wa marehemu, Chenge, baba yake mdogo, na Kija, mjane, aliyekuwa na binti yao Limi mgongoni. Geji ilisema sawasawa. Watu wakapanda nyuma, wakaketi kulizunguka sanduku.

Mtoto alikuwa na homa, na jua la mwezi wa tisa halina huruma na mtu. Muhidin akamwambia mjane, "Dada, njoo ukae huku mbele na mtoto. Huko nyuma ataungua."

Kija alisita. Mahali pake palikuwa kando ya mumewe. Lakini mtoto alilia, naye akashuka, akaja kukaa mbele.

Wakaondoka. Upande wa kwao Mayala kulikuwa na desturi kwamba maiti anayerudishwa kutoka ugenini huambiwa njia, asije akabaki katikati akizurura. Mwenye kumwambia ni mama yake, kama yupo. Basi Mbuke aliweka mkono juu ya sanduku, akawa anasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayezungumza na mtu mwenye usingizi. "Mayala, tumefika Buhongwa. Mayala, hapa kuna korongo, inua miguu." Muhidin alilelewa na mama Msukuma, kwa hiyo kila neno lilimwingia. Kija naye alikuwa ameinamisha kichwa, na kila mama mkwe alipotaja mahali, yeye alimkumbatia mtoto zaidi.

Walipopita Usagara barabara ilichafuka. Ilikuwa imejikunja mawimbi madogo madogo, yale yanayotetemesha gari hadi meno ya mtu yanagongana. Mara paa la gari likapigwa kwa ngumi. Muhidin akasimamisha, akashuka.

"Baba," Mbuke alisema, "mwanangu anagongwa kichwa."

"Pole, mama. Barabara ndiyo mbaya."

"Kila shimo nakisikia kichwa chake kinagonga ubao. Mimi niliyemzaa nakisikia. Nimepata kusikia kwamba nyinyi madereva mnaweza kulilainisha gari. Lilainishe, baba. Dunia imempiga vya kutosha huyu."

"Mama, matairi yana moto saa hizi. Hayafai kuguswa."

Mbuke alimtazama. Hakuwa amelia tangu walipoondoka mjini. "Na mimi sina moto?" akauliza.

Muhidin akachuchumaa. Alipima, na geji ilisoma juu sana, kama alivyojua kwamba ingesoma. Akabonyeza valvu. Upepo ukatoka kwa mlio mwembamba, tairi la kushoto, kisha la kulia, na pikapu ikajishusha taratibu nyuma kama ng'ombe anayelala. Mbuke akasema ahsante, Mungu akuweke. Walipoendelea, kweli, kule nyuma kulitulia. Muhidin aliona amefanya jambo la utu, na mpaka hapo hata mimi nisingemlaumu.

Pale Misungwi ndugu walikuwa wamesimama kando ya barabara wakingojea, wanaume kwa wanawake, wamechoka kwa jua na kilio. Gari liliposimama hawakuuliza. Walipanda nyuma, wakapanda ubavuni, wakasimama juu ya bampa wameshikana mabega. Nani wa kumwambia mfiwa ashuke? Muhidin alizunguka nyuma, akayatazama matairi yake. Yalikuwa yamelala, matumbo nje. Pampu ilikuwa chini ya kiti. Lakini kujaza kwa pampu ya mguu, kwa mzigo ule, kungetaka watu wote washuke na msiba mzima usimame juani, na maiti alikuwa ameanza kudai udongo wake. Muhidin alijua la kufanya. Tena alilijua vizuri kuliko mtu yeyote katika barabara ile. Akapanda, akatia gia.

Kijiji kilikuwa kimeanza kuonekana tairi la kushoto lilipopasuka. Pikapu iliyumba, ikagonga ukingo wa kalvati, ikalala ubavu. Vumbi lilipotua watu waliinuka mmoja mmoja, huyu na jeraha la goti, yule na mkono uliovunjika, Chenge na damu usoni. Kija alitoka mbele na mtoto wake bila hata mkwaruzo. Mbuke hakuinuka. Alikuwa chini ya ubavu wa bodi, na walipolisukuma gari wakakuta amekwisha.

Muhidin aliligusa tairi kabla ya kumgusa mtu. Hilo hakuwahi kujisamehe. Mbavu za tairi zilikuwa zimechanika mzunguko mzima, na mpira wa ndani ulinuka kuungua. Lilimchoma vidole.

Akawa amesimama pale, akingoja kupigwa. Chenge akamjia. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Dereva, usijilaumu. Gari halina kosa hapa. Haya ni mambo ya watu."

Na Muhidin alisikia nini moyoni? Raha. Tusifiche. Alisikia raha ikimshuka kama maji baridi kooni, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ni kazi ya Mungu, mzee wangu." Askari alipokuja baadaye akasema tairi lilikuwa limechakaa. Mzee Yunus akasema ndiyo, lilichakaa, atanunua jingine. Yakaisha.

Yakaisha kwa wengine. Siku ya kwanza Muhidin aliporudi barabarani, pikapu ikiwa tupu, alikuwa ameyajaza matairi mpaka yakawa mawe. Hakutaka tena kuona tumbo la tairi. Gari likawa linaruka, mnyororo wa mlango wa nyuma ukigonga, na alipokaribia nyumba za kwanza za Buhongwa alisikia mtu akisema nyuma yake, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida tu: "Tumefika Buhongwa."

Akasema ni mnyororo. Akaufunga kwa kamba. Safari iliyofuata mnyororo ulikuwa kimya, na sauti ikasema, "Muhidin, tumefika Buhongwa."

Jina lililoitwa halikuwa la Mayala. Alisimamisha gari mchana kweupe, watu wakipita na mbuzi wao, akaenda kutazama nyuma. Kulikuwa na gunia tupu na vumbi. Akarudi kwenye usukani, akaendelea, na alipofika kwenye korongo sauti ikasema, kwa upole, "Muhidin, inua miguu." Alipokuja kujitambua alikuwa ameiinua kweli. Mguu wake wa breki ulikuwa hewani, gari linateremka lenyewe.

Tangu siku ile ikawa hivyo. Si kila safari, lakini hakujua ni ipi. Mbuke hakumkaripia hata mara moja. Alimtajia njia tu, kama anavyotajiwa mtu anayepelekwa kuzikwa. Muhidin akakonda. Mwaija alipozima stovu ya mafuta ya taa, ikatoa ule mlio wake mwembamba wa upepo kutoka, mumewe aliacha chakula akatoka nje. Alimwita shehe, Yasini ikasomwa, ubani ukafukizwa hadi ndani ya gari. Sauti ikanyamaza kwa muda, kisha ikarudi pale pale ilipoachia, Buhongwa.

Uhuru ukaja. Mji mzima ulivaa majani na vitambaa, ngoma zikalia mtaa hadi mtaa, na Mzee Yunus akatoa pikapu kuwapeleka watu wa Pasiansi uwanjani. Walipanda wakiimba. Muhidin alisimama nyuma ya gari, akahesabu vichwa, akanyoosha mkono. "Basi. Waliobaki nitawarudia."

"Jaza, bwana! Leo tuko huru!"

"Nimesema basi."

"Kibaraka wa mkoloni huyu!" mmoja akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko. "Tumepata uhuru, yeye bado anapima mipira!"

Muhidin naye alitaka kucheka, lakini uso haukumtii. Aliendesha polepole, nyuma watu wakiimba kwa furaha ambayo haijapata kuonekana mjini pale, na katikati ya nyimbo zile alisikia mtu mmoja asiyeimba.

Haikupita wiki nyingi, mwanamke mmoja muuza samaki alimfuata kwenye ua wa Mzee Yunus. Alikuwa amebeba kapu tupu, kitambaa cha kichwani kimelowa jasho. Akamwamkia, akajitaja: Paskazia, dada yake Kija.

"Kija yupi?" Muhidin akauliza, naye alijua vizuri sana ni yupi.

"Yule mjane uliyempeleka Mwagimbu. Kaka, wanasema ni mchawi, ndiye aliyewala. Mume kwanza, kisha mama mkwe. Wamemtenga kwa kila kitu. Hapewi moto, hapewi maji, mtoto wamemchukua, yuko kwa Chenge. Keshokutwa wanakaa baraza kwa mkuu wa kijiji wamwondoe. Na wewe unajua, mwanamke akiondoka na jina hilo hafiki mbali. Watu humngoja njiani."

Muhidin akauliza, "Wana ushahidi gani?"

"Kwamba alikaa mbele. Mjane gani anamwacha mumewe nyuma akakae mbele na dereva? Wanasema alijua gari litaanguka. Kija ameniambia ni wewe ulimwita kwa ajili ya mtoto. Basi, sikuombi kikubwa. Njoo useme hilo moja tu."

Hilo moja tu. Paskazia hakujua lolote juu ya upepo, na Muhidin aliona wazi kwamba angeweza kwenda, kusema neno lile dogo, na kurudi na siri yake mfukoni pamoja na geji. Akamwambia atakwenda.

Nyumbani hakuweza kula. Mwaija akafunga mlango, akaketi mbele yake. "Leo utasema," akamwambia. "Miezi hii yote nalala na mtu ambaye hayupo."

Akamwambia. Tairi lenye moto, valvu, watu wa Misungwi, pampu iliyobaki chini ya kiti. Mwaija alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilidhani ni mwanamke," akasema.

"Afadhali angekuwa mwanamke."

"Ndiyo. Afadhali." Akafuta macho kwa upindo wa khanga. "Ukisema yote watakunyang'anya leseni. Labda watakufunga."

"Najua."

"Na usiposema?"



Siku ya baraza alichuchumaa kando ya pikapu kabla jua halijapanda, akatoa upepo wote wa ziada aliokuwa ameujaza kwa hofu, akaweka ule unaostahili gari lenye watu wawili. Paskazia alipanda mbele. Walipita Buhongwa, walipita korongo, na Muhidin alikaza masikio mpaka yakamuuma, lakini nyuma hapakuwa na neno. Ukimya ule ulimtisha kuliko sauti. Ilikuwa kama mtu amenyamaza ili asikie wewe utasema nini.

Mwanangwa wa Mwagimbu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa mtu mnene mpole aitwaye Ngosha. Wanaume walikuwa wameketi uani kwake juu ya vigoda, Chenge mbele yao na kovu jipya kwenye paji. Kija alikaa peke yake mbali, chini, miguu ameikunja. Muhidin hakumtambua kwanza. Alikuwa amekonda, amebaki macho tu.

Muhidin akawaamkia wazee, akapewa nafasi ya kusema. Akasema lile dogo. "Mimi ndiye niliyemwambia dada huyu akae mbele. Mtoto alikuwa na homa. Yeye hakutaka."

Chenge akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwanangu, nani alikutia neno lile mdomoni? Mtu kama yule haombi. Anakuwekea ndani, wewe unadhani ni lako. Ahsante umekuja kutuambia. Sasa tunajua alianza nawe."

Wanaume wakaguna kukubali. Paskazia akashika kichwa. Muhidin aliona kwamba lile neno lake dogo limekuwa kamba nyingine shingoni mwa yule mwanamke, na kwamba ni yeye aliyeileta kwa gari.

"Wazee," akasema. "Tairi lilipasuka kwa sababu yangu. Nilitoa upepo likiwa na moto, halafu nikapakia msiba mzima juu yake. Nilijua haifai. Nilijua pale pale Misungwi, nikaona uvivu na haya kuwashusha watu. Dada huyu hana mkono wake hapo."

Kisha Chenge akasema, "Nilikuwepo. Shemeji yangu ndiye aliyekuomba ulainishe gari. Kwa hiyo unatuambia Mbuke alijiua mwenyewe?"

"Mama aliomba mwanawe alale vizuri. Tairi ni kazi yangu, si yake."

"Upepo," mmoja akacheka. "Upepo unaua watu!"

Muhidin hakubishana. Aliomba wanaume wapande pikapu, wajae kabisa, wasimame hata ubavuni. Wakapanda, nusu kwa mzaha. Tairi la kulia akaliongeza kwa pampu, kwa mguu wake mwenyewe, mpaka likawa gumu. La kushoto akalitoa upepo, si wote, mpaka tumbo likalala chini. Akawaendesha polepole hadi kisimani na kurudi, hadi kisimani na kurudi, mpaka ule mzaha ukawaishia. Kisha akamwomba Chenge ashuke.

"Mzee wangu, gusa hili la kulia."

Chenge akaweka kiganja. "Lina joto kidogo."

"Gusa hili jingine. Jua ni hilo hilo, watu ni wale wale."

Chenge akagusa, akarudisha mkono upesi. Akaligusa tena kwa ncha za vidole, polepole, akiinama, kama anayegusa paji la mgonjwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka hakumtazama dereva. Alimtazama Kija, kisha akatazama chini. Wale wengine wakaja kugusa kwa zamu, na hakuna aliyecheka.

Mwanangwa Ngosha akasema mwanamke aachwe, asiguswe na mtu. Kuhusu dereva, ukoo utadai ng'ombe wa damu kama ilivyo ada, na serikali mpya nayo itamwuliza ya kwake. Iliuliza kweli. Leseni ilichukuliwa, Mzee Yunus akamfukuza kwa matusi, na Muhidin alimaliza miaka yake akiziba baiskeli pale Pasiansi, asipande tena gari la mtu. Mwaija alikaa naye. Lakini hayo ni ya baadaye.

Jioni ile, kabla hajaondoka, alikwenda kwenye kibanda alichokaa Kija. Paskazia alikuwa amemkokea moto wa kwanza kwa miezi mingi, na kulikuwa na uji. Muhidin alisimama mbali kidogo.

"Dada, nimewaambia."

"Nimesikia. Niambie na mimi."

Akamwambia upya, tangu Usagara. Kija alisikiliza akiwa ameshika bakuli.

"Ni upepo?"

"Ni upepo."

"Sema tena."

"Ni upepo, dada. Ni mimi."

"Mimi nilikwisha kubali," Kija akasema. "Mayala alipoanza kuumwa tulikuwa tumegombana. Nilisema moyoni, si afe basi. Kwa hiyo walipoanza kusema nimewaua, nikajua kumbe ndiyo njia niliyopitia. Nilikuwa najitazama mikono usiku kucha, nikitafuta ni wapi kitu hicho kinakaa. Wewe ulikuwa wapi?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Leseni yangu."

"Leseni ni nini?"



Chenge alikuwa anakuja, amemshika Limi mkono. Homa ya siku ile ilikuwa imepona zamani, mtoto alikuwa amerefuka, tumbo zuri limeshiba. Akamwachia karibu na moto. "Nenda kwa mama yako," akamwambia, na sauti yake haikuwa na ugumu wowote.

Kija akachutama, akanyoosha bakuli kwa mikono miwili. "Limi, njoo unywe uji."

Mtoto alilitazama bakuli. Akaitazama mikono iliyolishika. Akarudi nyuma, akajificha kwenye mguu wa Chenge, akaushika kwa nguvu.

"Nenda, mwanangu," Chenge akasema tena. "Hakuna kitu. Tulikosea." Mtoto akaanza kulia bila sauti.

Kija hakuita mara ya pili. Aliliweka bakuli chini, akaisawazisha ardhi kwa kiganja lisije likamwagika, akainuka, akarudi nyuma hadi kwenye ukuta wa kibanda, mikono akaificha mgongoni. Ndipo mtoto akaja.